Mlima wa 400

Mzee wa fidla alisikiliza wimbo mzima wa taarab niliomiksi, yaani niliosawazisha sauti za vyombo vyake, dakika kumi na mbili, amefumba macho, kofia ameipakata. Ulipokwisha alinyamaza. Nikangoja. Mwisho nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza anauonaje.

"Mwanangu," akasema, "mimi nipo wapi humu?"

Nikadhani anauliza fidla yake iko upande gani wa spika. Nikamjibu yuko kushoto kidogo. Akatikisa kichwa. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta ili aione mwenyewe kazi niliyoifanya: mstari wa analaiza ulikuwa umetandaa kama mkeka, tangu besi upande wa kushoto mpaka njuga za rika, ile tari ndogo, upande wa kulia, hapana kichuguu, hapana shimo. Nilikesha siku tatu kuufikisha pale. Mzee akautazama kwa makini na kwa adabu. "Naona," akasema. "Lakini fidla yangu siisikii."

Ilikuwa kweli. Fidla zote nne zilikuwamo, mikwaruzo ya nyuta inasikika, lakini ule mwili wa sauti, ule unaomfanya mtu ajisogeze kitini, nilikuwa nimeufuta kwa mkono wangu huku nikitazama picha.

Karibu kila wiki kijana mmoja au wawili hunitumia picha ya skrini: "Kaka, analaiza yangu inaonyesha hivi, nikate wapi?" Nami huomba nitumiwe wimbo. Siidharau analaiza hata kidogo. Bila hiyo, chumba changu cha kazi hapa Ng'ambo, Unguja, kingeniharibia nyimbo nyingi zaidi ya zile kilizoniharibia. Ila ni shahidi kama mashahidi wengine: lazima ujue alikuwa amesimama wapi na alitazama nini.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, analaiza ni programu inayoichambua sauti kwa masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayoandikwa kwa Hz. Sauti ya muziki ni mitetemo mingi kwa pamoja, mizito na myepesi. Mfaransa Joseph Fourier, aliyekuwa akichunguza namna joto linavyosambaa, alichapisha mwaka 1822 hesabu inayoonyesha kwamba wimbi la umbo gumu laweza kuvunjwa likawa jumla ya mawimbi mepesi. Kwa miaka mingi hesabu hiyo ilikuwa nzito mno kufanywa papo hapo, hata kwa mashine, mpaka mwaka 1965 James Cooley na John Tukey huko Marekani walipochapisha njia ya mkato ambayo kompyuta zetu zinaitumia mpaka leo. Kwenye kioo, kushoto ni Hz 20, kulia ni Hz 20,000, yaani mipaka ya sikio la kijana mwenye afya, na urefu wa mstari ni nguvu ya sauti kwa desibeli. Ndiyo hiyo tu.

Kilichonifanya niiamini kwanza ni chumba. Kina mita tatu kwa tatu, matofali ya saruji, dari ya zege. Kila wimbo niliomiksi humo ulitoka na ugonjwa uleule: nikikaa kitini naona besi haitoshi, naiongeza, wimbo ukipigwa kwenye daladala, vioo vya madirisha vinatetemeka. Analaiza ilikuwa ikiniambia tangu mwanzo. Kila besi ilipopiga noti ya la ya chini, Hz 55, mlima uliinuka mrefu kuliko majirani zake wote. Masikio yangu yakisema hapana kitu hapo, kioo kikisema kuna mlima. Wiki nyingi niliyasikiliza masikio, kwa sababu kila mwalimu wa muziki hukwambia hivyo: amini masikio.

Masikio hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kiti. Kwenye joto letu la nyuzi 28 sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Katika chumba cha mita tatu, wimbi lenye urefu wa mita sita hugonga ukuta, likarudi, likakutana na lenzake, na masafa yake ni 348 gawa kwa 6, yaani 58. Wimbi hilo hujaa nguvu kutani na kufifia kabisa katikati ya chumba. Na kiti changu nilikiweka wapi? Katikati barabara, kwa kuona ndipo penye haki. Tena kwa kuwa chumba ni mraba, kuta za upande mwingine zilifanya vilevile kwa masafa yaleyale.

Nikapakua Room EQ Wizard, programu ya bure, nikasimamisha maikrofoni ya kupimia pale panapokaa kichwa changu, nikapiga mlio unaopanda taratibu kutoka chini hadi juu. Picha iliyotoka ilikuwa na korongo kubwa pale nilipotarajia. Nikakisogeza kiti mbele hadi mita moja na kidogo kutoka ukuta wa mbele, nikapima tena, korongo likapungua sana. Magodoro mawili ya sufi niliyoyasimamisha pembeni yalituliza mwangwi wa sauti za kati vizuri, lakini kwa ile 58 hayakufanya lolote. Wimbi la mita sita halishtuliwi na godoro. Tangu siku hiyo, masikio na kioo vikigombana kuhusu chochote kilicho chini ya Hz 100, mimi nipo upande wa kioo.

Kuna ugomvi wa aina nyingine ambao kioo pia hushinda, nao ni wa usiku. Sisi huku wengi tunafanya kazi usiku, jirani kalala, jenereta za mtaa zimenyamaza, feni ndiyo imezimwa kwa sababu ya maikrofoni. Basi unapunguza sauti ya spika kwa heshima ya watu. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba sauti ikiwa ya chini, besi ndiyo inayopotea kwanza. Kwa hiyo saa nane ya usiku utaongeza besi, asubuhi utashangaa. Analaiza haijui usiku wala mchana. Umbo la wimbo ni lilelile hata ukipunguza spika mpaka mnong'ono.

Sasa nije kwenye yale inayoyanyamazia.

La kwanza ni la nyavu, na mvuvi atanielewa upesi kuliko prodyuza. Programu haisomi sauti mfululizo. Huichukua kwa mafungu ya sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, na kulichambua kila fungu. Ukiwa na sampuli 44,100 kwa sekunde na fungu la 2,048, macho ya wavu wako yana upana wa Hz 21.5. Juu huko kwenye Hz 10,000 tundu la Hz 21 si kitu. Chini ni maafa. Noti ya mi ya chini kabisa ya gitaa la besi ni Hz 41.2, na noti ya si iliyo juu yake ni Hz 61.7. Noti nane zote, ukihesabu na za kati, zinanaswa kwenye tundu moja au mawili, na mtu anakaa mbele ya picha hiyo akijaribu kuitenganisha kiki, ile ngoma nzito ya mguu, na besi. Ni sawa na kwenda na jarife kuvua dagaa. Ukipandisha fungu hadi 16,384, matundu yanakuwa ya Hz 2.7, unaanza kuzitenganisha noti. Lakini sasa fungu lina urefu wa zaidi ya theluthi moja ya sekunde, na katika muda huo mpiga dumbak ameshapiga mapigo matatu ambayo kwenye picha yameshikamana yakawa tope moja. Hakuna wavu unaofanya yote mawili. Mimi nafungua madirisha mawili, moja la besi, moja la ngoma, na siyachanganyi.

La pili ni la mteremko. Nyimbo karibu zote zina nguvu nyingi chini na huzidi kupungua kadiri unavyopanda, ndiyo maumbile yake. Baadhi ya analaiza huinamisha picha ili wimbo wa kawaida uonekane kama tambarare. SPAN ya Voxengo, ambayo wengi wetu tunaitumia kwa sababu ni ya bure na ni nzuri, huja ikiwa imewekwa desibeli 4.5 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yanapoongezeka maradufu. Nyingine huanza na sifuri. Mtu akitoka kwenye ile ya kwanza akaingia kwenye ya pili bila kuangalia mpangilio, ataona wimbo wake umekufa upande wa juu, ataongeza, ataongeza, mpaka herufi ya "s" inachoma sikio kama sindano. Kabla ya kuuliza mstari unasema nini, angalia namba hiyo.

Pale inaponisaidia bila ubishi wowote ni kwenye uchunguzi, kazi ya udaktari. Kijana wa Bongo Fleva alikuja na biti kwenye flashi, faili lake ni WAV, yaani sauti isiyobanwa, amelinunua. Nilipoifungua tu nikaona mstari unakwenda vizuri mpaka Hz 16,000, kisha unaanguka kama ukingo wa jabali. Zaidi ya hapo, kimya. Hiyo ni alama ya MP3 ya kilobiti 128, ambayo hukata juu ili kupunguza ukubwa wa faili. Mtu aliichukua MP3 akaibadilisha jina na umbo, lakini kilichokatwa hakirudi. Masikio yangu ya sasa, nakiri, yasingeligundua hilo. Kijana akarudi kwa aliyemuuzia, akapewa faili la asili, na sauti yake tukaanza upya juu ya msingi mzima.

Na kunguru. Ganuni, chombo cha nyuzi nyingi za kudonoa, ilikuwa ikipiga taksimu, yaani kipande cha kubuni papo hapo, peke yake, polepole, sehemu ambayo mpigaji alisema hataweza kuirudia, na katikati yake kunguru akalia dirishani. Kwenye analaiza ya mstari huwezi kumwona, amepita na kwenda. Lakini iko picha ya namna nyingine, spektrogramu, ambayo muda unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, masafa yanapanda juu, na nguvu ya sauti ni mwanga. Hapo ganuni ilionekana kama mvua ya manyunyu, matone yanayometa halafu yanafifia, na kunguru kama ngazi fupi ya mistari minene iliyolazwa juu yake. Nilizichukua ngazi hizo moja moja kwa panya ya kompyuta, nikazififisha, nikiacha matone yaliyokuwa kati yake. Ilichukua alasiri nzima. Ni kazi niliyoipenda kuliko zote mwaka ule. Sikio lilijua kuna kunguru; jicho ndilo lililojua anakoanzia na anakoishia.

Turudi kwa mzee.

Wimbo wake ulirekodiwa ukumbini, kundi zima limekaa pamoja: fidla nne, sello, dabali besi, ganuni, udi, nai, kodiani, dumbak, rika, bibi mwimbaji na waitikiaji. Nilipoupitisha kwenye analaiza, kati ya Hz 200 na 800 palisimama mlima, kilele chake karibu na 400. Kwenye kila somo la kumiksi nililolipata, mlima wa hapo una jina moja: uchafu. Sauti ya boksi, sauti ya tope. Nikachukua wimbo wa Bongo Fleva uliotengenezwa vizuri sana, nikauweka kando kama kigezo, nikaanza kukata 400 kwenye kila chombo mpaka mistari miwili ikalingana.

Tazama nilichokifanya. Katika wimbo ule wa kigezo, kiki ina mahali pake, besi ina mahali pake, kinanda kinaingia mwimbaji anapovuta pumzi. Vyombo vimegawana kiwanja. Taarab ya kundi zima haikujengwa hivyo. Fidla, kodiani, ganuni na nai hufuata sauti moja ya wimbo, kila mmoja akiipamba kwa namna yake, huyu akitangulia nusu pigo, yule akichelewa, wakipishana na kukutana tena. Ni watu wanaotembea njia moja kwa makusudi. Lazima warundikane mahali pamoja; kurundikana huko ndiko tunakokwenda kukusikiliza ukumbini na kukutunza. Mlima wa 400 ndiyo taarab yenyewe imekaa pale, na mimi nilikuwa nimeusawazisha kwa tingatinga kwa sababu haukufanana na picha ya muziki mwingine.

Nilifuta marekebisho yote. Nikakifunika kioo kwa kanga, vitelezi vyote vya sauti nikavishusha hadi chini, nikaanza upya na sauti ya bibi peke yake. Kisha dumbak. Kisha fidla zote nne kwa pamoja, bila kuzigusa. Nilipofika kwenye kodiani ndipo nikasikia tatizo la kweli, ambalo siku tatu za kutazama hazikunionyesha: kila kodiani iliposhika noti ndefu chini ya ubeti, maneno yalizama. Si sauti ya bibi iliyozama, maneno yake. Nazo nyimbo hizi watu wanakuja kwa ajili ya maneno. Fumbo likikosa silabi moja limekwisha kazi.

Maneno hayahitaji nafasi kubwa. Simu za waya za zamani zilipitisha Hz 300 hadi 3,400 tu na watu wakapatana hadi bei za karafuu. Nina nakala ya sahani moja ya santuri kutoka safari ya Siti binti Saad ya Bombay mwaka 1928, na nikiipitisha kwenye analaiza naona ukanda mwembamba katikati, huku na huku mkwaruzo mtupu. Kila neno analoimba nalipata.

Basi ndipo nikaifunua kanga. Sasa nilikuwa na swali la kuiuliza analaiza: kodiani na bibi wanagongana wapi hasa? Nikawasikiliza wawili peke yao, nikaona. Mgongano mkubwa ulikuwa kati ya Hz 2,000 na 3,000, pale panapokaa makali ya konsonanti, wala haukuwa kwenye 400. Nikapunguza kodiani desibeli tatu hapo, kwenye beti tu, na kwenye kiitikio nikairudisha yote. Kwenye maikrofoni za fidla niliona nguvu nyingi chini ya Hz 150, na uzi mzito wa fidla ni noti ya sol ya Hz 196, kwa hiyo kilichokuwa chini ya hapo hakikuwa fidla: ni miguu ya watu juu ya mbao za jukwaa, na muungurumo wa umeme kwenye 50 na 100. Hivyo nilivikata bila huruma. Dabali besi niliiongezea ukakasi kidogo ili 82 na 123, ndugu wa juu wa noti ya 41, zisikike juu yake, kwa sababu wengi watausikiliza wimbo kwenye spika ya simu, ambayo kwa besi ya chini haina uwezo, na sikio likisikia ndugu wawili watatu wa noti humkamilisha mwenyewe yule mkubwa asiyekuwapo. Mlima nikauacha umesimama.

Mzee alirudi Jumamosi baada ya alasiri, safari hii na sanduku la fidla mkononi. Akasikiliza, amefumba macho, kofia gotini. Dakika ya nne hivi vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea juu ya paja. Sikumuuliza kitu.

Ulipokwisha akaniambia nimfungulie ile picha ya mvua. Nilikuwa nimemsimulia habari ya kunguru, naye alitaka kuona fidla yake ikinyesha. Nikamwekea maikrofoni. Akapiga sol wazi, uzi mzito, na mstari ukatokea kwenye 196, juu yake 392, juu yake 588, ngazi kwa ngazi hadi zikapotelea juu. Nikamweleza kuwa ule wa chini ndio noti, na hao wengine ndio wanaoifanya iwe fidla isiwe nai. Akapunguza nguvu ya uta, ngazi za juu zikazimika, akakaza, zikawaka. Akafanya hivyo mara nyingi, kimya, kama mtu anayejaribu funguo.

Kisha akapiga rasti, mojawapo ya ngazi za noti za taarab. Do, re, na alipofika noti ya tatu akaushikilia uta pale, mrefu, mtulivu. Mstari ukakaa karibu na Hz 320. Programu yangu ina kibao kidogo kinachoandika jina la noti, na kinajua noti za piano tu. Kikaandika E, yaani mi. Kikaandika D#, iliyo chini yake. Kikarudi E. Mzee hakuondoa uta.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo ndipo penyewe."